Kudarizi kwa oda au kufundisha kudarizi: linganisha saa kabla ya kuchagua

Mkono wa sindano ukishakomaa na mwenyewe akataka umlishe, njia kubwa ni mbili: kupokea oda au kupokea wanafunzi. Ukizitazama kwa mbali zinafanana. Kitambaa ni kilekile, nyuzi ni zilezile, sindano ni ileile. Lakini mdarizi wa oda anauza saa za sindano, na mwalimu anauza saa za maandalizi. Kutoka hapo mengine yote huachana: vifaa, aina ya makosa, mahali mwili unapochoka, hata namna ya kudai malipo. Tunaanza na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowaangusha watu wenye vipaji.

Saa zinakwenda wapi

Chukua mshono wa msalaba, maana ni rahisi kuuhesabu. Kitambaa cha Aida, kilichofumwa kwa miraba midogo ya kuhesabika, cha namba 14 kina misalaba 14 kwa inchi, yaani misalaba 196 katika inchi moja ya mraba. Aliyezoea hupiga kama misalaba 120 kwa saa, na rangi zikibadilika mara kwa mara hushuka chini ya hapo. Picha ya inchi 10 kwa 10 iliyojazwa yote ina misalaba 19,600, sawa na saa 163. Ukidarizi saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, umemaliza zaidi ya wiki 5 kwa picha inayoenea kwenye mto wa kochi. Ni nadra mteja akubali kuzilipa saa hizo zote, na ukizipunguza kwenye bei ili akubali, umejikata mwenyewe.

Ndiyo maana oda zinazomlisha mdarizi ni zile ambazo sehemu kubwa ya kitambaa hubaki wazi: herufi za jina kwenye pembe ya leso, tawi moja kwenye kola, ukanda mwembamba juu ya upindo. Herufi ya sentimita 3 iliyodariziwa vizuri kwa mshono wa kujaza huchukua saa 1 hadi 2. Jani la urefu huohuo kwa mshono wa mrefu-mfupi (mishono mirefu na mifupi ikipishana), uzi mmoja, rangi tatu zinazofifia kutoka moja hadi nyingine, huchukua kama saa 2. Hapo unaweza kumpa mteja bei ya kweli bila kuona haya.

Kazi kubwa zipo, ila zina wenyewe. Joho la kutawazwa Malkia Elizabeth II mwaka 1953 lilidariziwa na wanawake 12 wa Royal School of Needlework, shule ya kudarizi ya Uingereza, kwa saa zaidi ya 3,500 na aina 18 za uzi wa dhahabu. Ukigawa, kila mmoja alikaa kwenye fremu karibu saa 292 ndani ya miezi michache. Mtu mmoja nyumbani kwake hawezi kuibeba kazi ya namna hiyo. Inataka taasisi yenye wadarizi ambao mishono yao inafanana, kiasi kwamba jicho halioni palipoishia sindano ya huyu na kuanza ya yule.

Mwalimu naye ana hesabu yake. Somo la saa 2 kwa wanafunzi 8 lina vitambaa 8 vya kukata, michoro 8 ya kunakili kwa dakika 10 hadi 15 kila mmoja, nyuzi za kupima na kufunga, maelezo ya kuandika, na sampuli ya kudarizi hatua kwa hatua ili wanafunzi waione ikiwa nusu, robo tatu, na kamili. Mara ya kwanza maandalizi hayo hula saa 12 hadi 15. Mara ya tano yanashuka hadi saa 3 au 4, kwa kuwa sampuli na maelezo yapo tayari. Kwenye oda hali si hiyo: ua la arobaini huchukua karibu muda uleule wa ua la kumi. Tukiambiwa tutaje tofauti moja tu kati ya kazi hizi mbili, tutataja hiyo.

| | Oda | Kufundisha |
|---|---|---|
| Marudio | Muda hupungua kidogo tu | Maandalizi hushuka hadi robo |
| Fremu | Ya mstatili, ya kusimama | Ya duara, sentimita 15 |
| Kosa likitokea | Unafumua wewe, kwa muda wako | Anafumua mwanafunzi, wewe unamwonyesha sababu |
| Mwanga | Taa moja, upande usio wa mkono unaoshona | Kila kiti kiwe na mwanga wake |
| Panapouma kwanza | Shingo, kidole gumba, macho | Koo, miguu, kiuno kwa kuinama |

Oda huharibikia kwenye maandalizi

Fua kitambaa kabla ya kukikata ili kisinyae chote kinachotaka kusinyaa. Kisha vuta uzi mmoja wa mshindio (nyuzi zinazokatiza upana; za urefu ni mtande) utoke, na ukate kwa kufuata njia uliyoiacha. Ukikata kwa kukadiria kwa macho, mchoro utaonekana umenyooka kwenye fremu, halafu siku ya kufuliwa mtande na mshindio vitarudi mahali pake na tawi litalala upande.

Nyuzi nyekundu, bluu nzito na nyeusi zijaribiwe. Loweka kipande kwenye maji ya uvuguvugu, kibane ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa, kiache dakika 15. Kikiacha alama, suuza uzi wote kwa maji baridi hadi maji yatoke meupe, au tafuta uzi mwingine. Rangi nyekundu iliyochuja juu ya kitani cheupe ni msiba usio na tiba, na hutokea mwisho kabisa, kazi ikiwa imekwisha na mteja anasubiri.

Kunakili mchoro ndiko kunakotofautisha mdarizi wa kazi na wa kujifurahisha. Kwa kitambaa kizito au cheusi njia ya zamani bado haijapitwa: chora kwenye karatasi ya kunakilia, toboa mistari kwa sindano nyembamba, matundu yakiachana kama milimita 1, laza karatasi juu ya kitambaa kilichokwisha kukazwa, kisha sugua unga wa mkaa kwa kitambaa kilichoviringishwa kama kidole. Kwa kitambaa cheusi tumia unga wa chaki. Ukiinua karatasi utakuta nukta. Ziunganishe kwa brashi nyembamba na rangi, halafu pangusa unga uliobaki.

Kalamu za kufutika zina hila zake. Ile inayofutika kwa joto la pasi hurudi kitambaa kikipata baridi kali, kwa hiyo zawadi iliyosafirishwa wakati wa theluji inaweza kufika ikiwa na mistari yote ya rasimu. Ile inayofutika kwa maji isipitishwe pasi kabla ya kuoshwa, maana joto huigandisha wino usitoke tena. Osha, kausha, ndipo upige pasi, na upige upande wa nyuma, uso wa darizi ukiwa juu ya taulo nene ili mishono isibapike.

Kwa oda ndefu tunashauri fremu ya mstatili. Kitambaa hushonewa kwenye mikanda ya pande mbili na kuvutwa kwa kamba pande zilizobaki, hadi kilie kama ngoma ukikigonga kwa ukucha. Kukiweka hivyo huchukua saa 2 hadi 3, na saa hizo ziingie kwenye bei. Faida yake ni kwamba mikono yote miwili inakuwa huru, mmoja juu ya kitambaa, mmoja chini, na mshono unatua palepale unapotakiwa. Fremu ya duara inatosha kwa kazi ndogo, ila viringisha utepe wa pamba kwenye duara la ndani ili kitambaa kisiteleze, na ukitoe kila unapoacha kazi. Kikilala humo wiki nzima kitaacha mviringo usiotoka.

Kicha cha kawaida cha uzi wa pamba kina mita 8 na nyuzi 6 zilizosokotwa pamoja, yaani mita 48 za uzi mmoja mmoja. Chomoa moja moja, kisha uziunganishe tena kwa idadi unayoitaka. Zikichomolewa hivyo hulala bapa na kung'aa. Urefu wa kufanyia kazi ni sentimita 45, kutoka ncha za vidole hadi kiwiko. Anayeweka mita nzima ili asitunge sindano mara kwa mara hupoteza zaidi ya anachookoa, kwa sababu uzi unapita kitambaani mara nyingi mno na sehemu ya mwisho inakuwa imeota manyoya. Sindano namba 10 kwa uzi mmoja, 8 au 9 kwa nyuzi mbili. Namba ikipanda, sindano inakonda. Tundu la sindano likibana huchubua uzi, na sindano nene kupita kiasi huacha matundu yasiyozibika kwenye hariri.

Kazi ya zari, yaani uzi wa dhahabu, ni somo peke yake. Uzi wenyewe haupiti kitambaani. Hulazwa juu na kukamatwa kwa uzi mwembamba uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, kila baada ya milimita 3 au 4, na ncha zake tu ndizo huzamishwa nyuma. Jasho huutia weusi, kwa hiyo uguswe kidogo iwezekanavyo. Usafi wa mikono ni sehemu ya bei ya oda yoyote nyeupe: waliofanya lesi ya gauni la harusi la Catherine Middleton mwaka 2011 walinawa kila nusu saa na kubadilisha sindano kila saa 3.

Kuhusu mapatano, usianze bila arubuni ya nusu, na usianze kabla mteja hajaidhinisha kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, chenye kitambaa kilekile na nyuzi zilezile. Bila kipande hicho, kila mabadiliko ya rangi yatakuwa mjadala. Weka daftari la saa, uandike unapoketi na unapoinuka. Baada ya oda tatu daftari hilo litakupa bei bora kuliko ushauri wa mtu yeyote.

Kufundisha ni kusoma mgongo wa kitambaa

Idadi ya wanafunzi ipangwe kwa dakika. Kwenye somo la saa 2, nusu saa huenda kwenye kuonyesha. Zinabaki dakika 90. Wanafunzi wakiwa 8, kila mmoja ana dakika 11 za mwalimu. Wakiwa 15 ana 6, na dakika 6 hazitoshi kumfumulia mtu kosa na kumwona akilirudia sawasawa. Zaidi ya 10, tafuta msaidizi anayejua sindano.

Kifurushi cha mwanafunzi kiwe na kitambaa cha sentimita 25 kwa 25 kwa ajili ya fremu ya sentimita 15, mchoro ukiwa tayari juu yake, sindano mbili za namba 7, moja ikiwa ya akiba kwa kuwa ya kwanza hupotea, na rangi tatu zinazotofautiana waziwazi na kitambaa. Anayeanza ashone kwa nyuzi tatu. Uzi mmoja unaficha makosa, na kosa asiloliona hawezi kulirekebisha. Kitambaa cheusi kisiingie darasani kabisa hadi mwezi wa pili au wa tatu.

Mpangilio wa mishono tunaoupendekeza huanza na bandi, kisha kurudi nyuma, shina, mnyororo, jani la pete moja ya mnyororo, fundo la Kifaransa, ndipo kujaza. Mshono wa mrefu-mfupi usubiri. Unataka jicho linaloweza kuvunja urefu bila mpango, na anayeanza hujikuta akitengeneza meno ya kitana, safu juu ya safu, mpaka wa kila rangi ukionekana. Kabla ya kujaza, afundishwe kuzungushia umbo mshono mwembamba kwanza, halafu ajaze akipita juu yake. Kingo zenye mikwaruzo, ambazo wengi hudhani ni za mkono mbaya, hutokana na kuruka hatua hiyo.

Mwalimu akifika mezani ageuze kazi. Uso unaonyesha matokeo, mgongo unaonyesha sababu. Uzi mweusi ulioruka sentimita 4 nyuma ya kitambaa cheupe utaonekana mbele kama mshipa. Mishono ya nyuma iliyokaza kama waya inasema kwamba kitambaa kitafinyana mara tu kitakapotoka kwenye fremu. Fundo la kuanzia litatoa kinundu siku ya pasi. Afadhali aanze kwa mishono mitatu midogo ndani ya umbo litakalofunikwa.

Chukua fundo la Kifaransa, ambalo halikosi kuleta kilio kila darasa. Mwanafunzi anasema limezama upande wa pili. Mara nyingi amerudisha sindano kwenye tundu lilelile alilotokea, na hakuna kitambaa cha kulishikilia. Mwonyeshe ashuke nyuzi moja au mbili za kitambaa pembeni. Likitokea legelege, kama kipete kinachoning'inia, aliuacha uzi ulegee wakati wa kuvuta: mkono usio na sindano ukaze uzi, mizunguko iteremshwe hadi iguse kitambaa, ndipo sindano ipite. Na likigoma kabisa, sindano ikakwama katikati, mizunguko imebana kuliko tundu la sindano lilivyo nene. Azungushe kwa ulegevu kidogo, au apewe sindano ambayo tundu lake halikuvimba. Malalamiko yanasikika kama moja, sababu ni tatu, na kila moja ina tiba yake. Anayeweza kuzitenganisha kwa kutazama tu ameshafika kwenye ualimu.

Epuka kushika kazi ya mwanafunzi. Onyesha kwenye kitambaa chako cha mfano, naye afanye kwenye chake. Mwalimu akishashona petali tatu za mtu, petali hizo zitazisuta zilizobaki. Anayetumia mkono wa kushoto akae mkabala nawe, akuone kama kwenye kioo, na michoro yake ya maelezo igeuzwe. Kufumua kufundishwe siku ya kwanza: kata mishono kwa nyuma, chomoa kwa kibano kwa mbele. Kurudisha sindano kinyumenyume hupasua uzi na kitambaa.

Kwa masomo ya mtandaoni, kamera iwe juu ya mikono, na uonyeshe kwa uzi wa sufu nene kwenye kitambaa chenye matundu makubwa. Ugumu mkubwa wa njia hiyo ni kwamba huoni mgongo wa kazi. Waombe wanafunzi waupige picha na kuutuma kabla ya kila kipindi.

Mafunzo yanakotofautiana

Hapa chaguo lako linabadilisha pa kusomea. Royal School of Needlework, iliyoanzishwa London mwaka 1872 na kuwa katika jumba la Hampton Court tangu 1987, ina cheti, diploma na shahada, pamoja na mafunzo ya miaka 3 kwa wanaotaka kuwa wakufunzi. Mkazo wake ni mbinu nyingi, kila moja kwa kina: sufu juu ya kitani, kivuli cha hariri, zari. Huo ndio mzigo anaouhitaji mwalimu. Paris kuna École Lesage, iliyofunguliwa 1992 na karakana ya Lesage iliyokuwapo tangu 1924. Huko hufundishwa pia ndoano ya Lunéville, ambayo hushonwa kutoka upande wa nyuma, shanga na puleki zikiwa zimetungwa kwenye uzi kabla. Kwa kujaza gauni shanga, sindano haiifikii ndoano hiyo kwa kasi. Ukitaka kuajiriwa na karakana ya mitindo, jifunze ndoano kwanza. Ukitaka darasa, panua idadi ya mbinu.

Urekebishaji wa darizi za kale kwenye makumbusho ni njia ya tatu, lakini usidhani ni oda kwa jina lingine. Unataka kemia ya nyuzi na rangi, na sehemu kubwa ya kazi ni kujizuia usiongeze mshono.

Njia zote zina sheria ya michoro. Mshono hauna mwenyewe, mchoro unaye. Usifundishe wala kuuza kwa mchoro wa mtu bila ruhusa yake. Baadhi ya majina nayo yana ulinzi: chikan, darizi ya mji wa Lucknow, ilisajiliwa India kama alama ya kijiografia (jina lililofungwa na mahali kazi inapotoka) mwaka 2008, kwa hiyo unaweza kufundisha mishono yake, huwezi kuiuza kazi yako kwa jina hilo. Darizi ya Kipalestina, tatreez, iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2021; anayeifundisha aseme imetoka wapi na maumbo yake yana maana gani kwa wenyewe.

Jipime kabla ya kujitangaza

Kwa upande wa oda, darizi ua moja mara sita kwenye kitani, ukiandika dakika za kila moja. La sita likitofautiana na la tatu kwa ukubwa au mkazo wa uzi, mkono bado haujatulia. Likifanana nalo lakini wewe umechoka nalo rohoni, hilo ni jibu pia, na ulisikilize. Saa 6 za sindano kwa siku, ukipumzika kila dakika 40 kunyoosha shingo na kutazama mbali, ndicho kiwango ambacho mwili hukistahimili kwa miaka. Anayeshona saa 10 hulipa kwa kidole gumba.

Kwa upande wa ualimu, waalike watu wawili ambao hawajawahi kushika sindano, mmoja awe wa mkono wa kushoto ukimpata. Wafundishe shina na fundo la Kifaransa kwa saa moja na nusu bila kugusa vitambaa vyao hata mara moja. Baada ya wiki waombe wayarudie bila wewe kuwapo, wakupe vitambaa. Vigeuze uvisome kwa nyuma. Kosa walilorudia wote wawili ni la maelezo yako.

Wakati mkono unatafuta kasi, tunaona ni heri kuanza na oda ndogo kwa mwaka mmoja au miwili, ukitunza kila kipande cha majaribio na kuandika pembeni namba ya uzi, ya sindano, na saa zilizotumika. Vipande hivyo ndivyo vitakavyokuwa sampuli zako za darasani. Anayeanza na darasa kabla ya oda hulazimika kuvidarizi vyote upya usiku, kimoja baada ya kingine, kwa ajili ya somo la kesho.